Jibu kwa kijana anayetaka kuingia dawati la michezo la gazeti

Mleta uzi ameuliza kama inafaa mhitimu wa uandishi wa habari aombe kazi katika dawati la michezo wakati magazeti yanazidi kupungua kwenye meza za wauzaji. Nimeifanya kazi hiyo Dar es Salaam tangu enzi ambazo ripoti za mechi za mikoani zilisomwa kwa simu ya mezani, huku mwenzako akiziandika upande wa pili, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Simba ilipofungwa 2-0 na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, jiji zima lilikuwa na matokeo tangu jioni ile, lakini asubuhi magazeti yaligombaniwa kwa sababu watu walitaka kuelezwa ilikuwaje. Mwaka 2023 Yanga iliifunga USM Alger 1-0 kule Algiers, ikakosa Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya bao la ugenini kwa kuwa ilikuwa imefungwa 2-1 nyumbani, na kabla wachezaji hawajafika vyumbani, bao, mahojiano na ubishi wote ulikuwa umeshasambaa kwenye simu. Zaidi ya hapo, klabu hizi sasa zina wasemaji na kurasa zao za mtandaoni, na habari za usajili ambazo zamani zilitushindisha Msimbazi na Jangwani, kwenye makao yao, huzitangaza zenyewe.

Hilo silisikitikii sana. Linaloniuma ni kwamba mauzo na matangazo yaliposhuka, wa kwanza kuachwa walikuwa waandishi wa mikoani waliolipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na pamoja nao zikaondoka ligi za mikoa, netiboli, ngumi na riadha. Kurasa za michezo zilikuwa lazima zijae kila siku, na ulazima huo ndio uliomfanya mhariri amtume mtu kwenye mbio za nyika Arusha hata kama hakuna aliyeziulizia. Mwanariadha wetu Alphonce Simbu alipotwaa shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha London mwaka 2017, aliyeweza kumwandika kwa kina ni yule aliyekuwa akiwafuata wanariadha miaka ambayo hawakuwa na jina. Mtandaoni mhariri anaona idadi ya wasomaji kila saa, na idadi hiyo humrudisha kwa Simba na Yanga.

Kwa hiyo omba kazi, lakini jifunze kamera na sauti, na uchague mchezo mmoja nje ya klabu hizo mbili uujue kuliko mtu mwingine yeyote, ukitunza mwenyewe matokeo na rekodi zake. Tena, kabla hujaandika habari ya kwanza, dai mkataba wa maandishi unaotaja malipo, siku ya kulipwa na michango ya hifadhi ya jamii. Wenzangu wengi wameitumikia kazi hii hadi uzeeni wakiitwa waandishi wa kujitegemea, na leo hawana mafao yoyote.