"Umejitahidi": sifa au kijembe?

SUALI: Assalaam alaykum shangazi. Mie nafanya kazi afisi moja hapa Chake Chake, huu mwaka wa pili. Kuna dada kanitangulia kazini, kila nikimaliza ripoti anaisoma kisha ananambia mbele za watu "mashaallah, umejitahidi". Nikichelewa dakika 10 kwa ajili ya gari, "ahsante kwa kutukumbuka leo". Juzi kaandika kwenye grupu la WhatsApp la afisi "kama nilivoeleza mwanzo, naomba nieleze tena kwa ambao hawakufahamu", na aliyeuliza ni mie peke yangu! Nikamjibu "ahsante mwalimu". Wenzangu wanasema maneno yake mazuri tu, mie ndo nna moyo mwepesi. Kweli?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Si moyo mwepesi, umesikia sawasawa. Hilo "umejitahidi" lenyewe halina ubaya, mtoto wa chuoni akimaliza juzuu yake ya mwanzo tunamwambia hivo hivo na tunafurahi nae, lakini hapo tunasifu jasho lake, hatusifu kazi, ndo maana huwezi kusikia mtu anamwambia mkurugenzi "umejitahidi" akishuka jukwaani. Mzani wangu ndo huo, neno analokwambia weye angethubutu kumwambia mkubwa wake? Na kwenye "kutukumbuka leo" mwiba upo kwenye "leo", sawa na anaekwambia "umependeza leo", kwani jana ulikuaje?

Visiwani hapa tumelelewa na mafumbo, mtu anavaa kanga yenye jina analolitaka anapita mlangoni kwako mara 3 na mdomo hajafungua. Kwenye taarab anainuka kwenda kutuza pale pale penye beti inayokuchoma, na ukimuuliza atasema mie nimemtuza muimbaji tu. Ya afisini ni kanga ile ile, imeandikwa kwenye simu. Raha ya kijembe ni kuwa mwenyewe ana pa kujificha, "kwani nimesema nini?", na weye ukipandisha sauti ndo unaonekana huna adabu, na hili linaniuma kwa sababu wasichana wengi wanaacha kuuliza kazini kwa kuogopa maneno kama hayo, kisha kazi inaharibika.

Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarab wa zamani, mtoto wa kijiji cha Fumba, alipopata jina mjini waliimba kumkejeli asili yake na kaniki aliyokuja nayo. Hakugombana na mtu, alijibu kwa wimbo kuwa hasara ya mtu ni kukosa akili, si kukosa sura, na huyo huyo ndo aliekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri. Alijibu kwa kazi yake anayoijua.

Na weye jibu kwa kazi. Akikwambia tena umejitahidi, mfate mukiwa wawili tu, umwambie "dada, ahsante, hebu nioneshe wapi pamepungua nipatengeneze." Kama ana la maana atakuonesha na utafaidika, kama hana hatokuwa na la kusema. Kwenye grupu usimjibu kabisa, uliza suali lako tena kama lilivo.

Ila mwanangu, na lile "ahsante mwalimu" lako nimelisikia. Kesho ukiingia afisini mwanzie salamu, na umwite dada kama ulivomwita kwenye barua hii.