Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Ombaomba Walichapwa Viboko

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako na kusikia kwamba umeanza kuuzoea mji wa Norwich, huko Uingereza, pamoja na baridi yake. Umeniuliza iliwezekanaje Waingereza wa karne ya 16, watu wa kanisani kila Jumapili, kuwachapa ombaomba hadharani, na kama ni kweli, kama ulivyoambiwa, kwamba Matengenezo ya Kanisa, yaani yale mageuzi yaliyoleta Uprotestanti, ndiyo yaliyoua huruma.

Hilo la Matengenezo silikubali lote. Ypres, mji wa Kikatoliki ulioko Ubelgiji ya leo, ulipiga marufuku kuomba barabarani mwaka 1525, na mwaka uliofuata Juan Luis Vives, mwanazuoni Mhispania Mkatoliki aliyeishi Bruges, mji jirani, aliihimiza miji iwachunguze maskini wake kabla ya kuwasaidia. Ni kweli kwamba kufungwa kwa nyumba za watawa nchini Uingereza, kati ya 1536 na 1540, kuliwanyima mafukara mlango wa kupigia hodi, lakini sheria ya viboko ilitangulia. Kwa sheria ya 1531, wazee na wasiojiweza walipewa kibali cha kuomba katika eneo lao, ilhali mwenye nguvu aliyekamatwa akiomba alivuliwa nguo, akafungwa nyuma ya mkokoteni na kuchapwa mpaka atoke damu. Mwaka 1547 Bunge liliongeza chapa ya moto ya herufi V (ya neno la Kiingereza "vagabond", mzururaji) kifuani na utumwa wa miaka miwili. Sheria hiyo ilifutwa 1550.

Kwa maoni yangu, watu wale hawakukosa huruma. Walitaka kwanza kuhakikishiwa nani anaistahili. Sheria yao iliwatambua maskini wa aina mbili tu, asiyejiweza na mvivu, wala haikumwona yule mwenye afya anayetafuta kazi na asiipate. Naye hakuwa mmoja wala wawili, kwa kuwa idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka na bei ya chakula ikipanda kuliko ujira.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko hapo hapo unapoishi. Mwaka 1570 wakuu wa Norwich waliwaandikisha maskini wa mji wao, nyumba kwa nyumba, zaidi ya watu 2,300 wakiwamo watoto: jina, umri, kazi, muda waliokaa mjini, na kama wana nguvu za kufanya kazi. Wakuu hao hao walilalamika kwamba ombaomba walishibishwa hata wakatupa chakula barabarani. Lakini ukisoma orodha yao wenyewe, unakutana na wajane wazee ambao bado wanasokota nyuzi za sufu, na wake waliotelekezwa na waume zao wakisokota vilevile. Wengi hawakuwa wakiomba. Walikuwa wakifanya kazi isiyowalisha. Hata hivyo, mwaka uliofuata mji ulipiga marufuku kuomba, ukawatoza wenye uwezo kodi ya maskini, na watu wakakatazwa kutoa sadaka mlangoni.

Kodi hiyo siidharau. Sheria ya 1576 iliagiza miji iweke akiba ya sufu, katani na vifaa vingine ili wasio na kazi wapewe kazi, na ile ya 1601 ikailazimisha kila parokia kuwa na waangalizi wa maskini na kukusanya fedha kwa ajili yao. Hapo msaada uliacha kutegemea moyo wa mpita njia, na sioni nchi nyingi za zama hizo zilizofika huko.

Ila usidhani kwamba waliohesabiwa kuwa wanastahili walinusurika na dharau. Sheria ya 1697 ilimtaka kila aliyepokea msaada wa parokia ashone begani, upande wa kulia, herufi P (ya "pauper", fukara) pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake, na mkewe na watoto vivyo hivyo. Aliyekataa aliweza kupunguziwa posho, au kupelekwa nyumba ya marekebisho, aina ya gereza la kazi ngumu, na kuchapwa viboko. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1810.

Wako akupendaye,
Mama