Usinywe chai hiyo kabla muuzaji hajakuandikia kilichomo

Mdogo wangu, usitume hela hiyo. Kama umeshaituma, idai irudi, na kama mzigo umeshafika, uache ulivyofungwa. Nimesoma maelezo yako yote: chai ya usiku ya kukata tumbo, dozi ya wiki mbili kwa shilingi 85,000, send-off ya dada yako mwezi ujao, gauni ambalo fundi ameshalikata, swali la saa ya kula chakula cha usiku, magoti yanayouma ukitembea na ngozi iliyolegea baada ya uzazi. Nilikuwa karibu kupita kimya kimya, kwa kuwa maswali ya namna hii huulizwa kila wiki. Kisha nikafika kwenye mstari ulioutaja kama jambo dogo, kwamba kila asubuhi unameza kidonge cha presha, kile kinachokojoza, na kwamba muuzaji amekuhakikishia hakuna shida kwa sababu chai yake ni majani matupu. Mimi nilikuwa nameza kidonge cha aina hiyo hiyo, niliambiwa maneno hayo hayo, na nililazwa.

Wakati huo nilikuwa na kilo 94. Aliyenishawishi ninunue chai kama hiyo alijiita mshauri wa lishe, na katika kundi lake la WhatsApp aliweka picha yake akiwa amevaa koti jeupe, nami mwalimu mzima nikalipa koti lile heshima zote, nikisahau kwamba hata muuza nyama buchani huvaa koti jeupe. Kila asubuhi wanachama tulitakiwa kutuma picha ya mizani. Wiki ya kwanza mizani yangu ilishuka kilo 6, nikamiminiwa pongezi na vikatuni vya makofi, nikajiona nimeushinda mwili ulionisumbua tangu uzazi wa pili. Ambalo sikulitaja kundini ni kwamba kilo hizo zote zilitokea mlango mmoja, na kwamba siku niliyosafiri kwenda Morogoro nilimwomba kondakta anisimamishie basi Kibaha, Mlandizi na tena kabla ya Chalinze, hata abiria wakaanza kuniita mkaguzi wa vyoo. Ukitaka kujua ni choo kipi katika barabara ile chenye maji na ni kipi hufungwa kwa kufuli, niulize mimi, maana huo ndio utaalamu pekee nilioupata kwa fedha zangu.

Laiti ningepiga hesabu ninayowafundisha watoto wa darasa la sita, nisingefika nilikofika. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, na mwili wa mtu wa kawaida hutumia kalori 2,000 hivi kwa siku, au zaidi kidogo kwa mtu mwenye umbo kama langu. Kwa hiyo hata kama mtu angefunga kabisa, asitie kitu kinywani tangu Jumatatu hadi Jumapili, mafuta ambayo mwili wake ungeyatumia yangekuwa kilo 2 hivi, na mimi nilikuwa sijafunga, nilikuwa nakula wali wangu wa mchana kama kawaida. Zile kilo 6 zilikuwa maji na choo, pamoja na madini ya mwili yaliyotoka ndani ya maji hayo. Tumbo lilipungua kweli, lakini mafuta yalikuwa yamekaa pale pale yalipokuwa.

Madini hayo ndiyo yaliyonilaza. Dalili zilianza usiku kwa misuli ya miguu kukaza, kisha moyo ukawa unaruka pigo moja na kufidia kwa kishindo, kama mtu aliyejikwaa ngazini. Nilimwandikia mshauri wangu, akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yao ya upole wa kibiashara, kwamba hizo ni sumu zinatoka na kwamba mwili wangu ulikuwa mchafu kuliko ya wengine, kwa hiyo niongeze pakiti moja ya asubuhi. Nami nikaongeza. Huo ndio ulevi wa kutaka kupungua haraka: unaumwa, unaambiwa kuumwa ndiko kupona, unashukuru na kulipia dozi nyingine.

Siku ya mwisho nilikuwa ubaoni nikiandika hesabu za sehemu, na chaki ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena, kwa sababu vidole vilikuwa vimekataa kuibana. Watoto wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane nimetishika, kisha nikataka kukaa kwenye kiti na miguu haikunifikisha. Hospitali walinipima umeme wa moyo, wakachukua damu, na jibu likawa kwamba potasiamu ilikuwa chini ya 3, wakati kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Potasiamu ndiyo madini yanayoiwezesha misuli kufanya kazi sawasawa, na moyo nao ni msuli. Daktari aliniuliza dawa ninazotumia, nikataja kidonge cha presha, akauliza kama kuna kitu kingine, nikasema hapana. Sikuihesabu chai kuwa dawa. Aliponibana kuhusu kuharisha ndipo nikaitaja, naye akashusha kalamu na kunieleza kwamba kidonge changu hutoa maji kwa njia ya mkojo na potasiamu huondoka nayo, na kwamba chai ilikuwa ikitoa potasiamu hiyo hiyo kwa njia ya haja kubwa. Nilikuwa nikiimwaga kwa milango miwili, na hakuna aliyekuwa akiirudisha. Moyo ulioishiwa potasiamu unaweza kuvuruga mapigo yake mpaka ukasimama. Nayo potasiamu ikirudishwa haraka mno inaweza kuusimamisha vilevile, ndiyo maana nilitundikiwa dripu yake kwa mwendo wa taratibu sana, huku mashine ikiandika mapigo yangu usiku kucha.

Nilimwandikia mshauri nikiwa bado kitandani. Sikudai fedha, nilimwomba tu aniambie chai ile ilikuwa na nini, kwa sababu madaktari walitaka kujua. Alisoma ujumbe na kunitoa kundini. Watu wa aina hii hukuita mpenzi, dada na malkia mpaka siku unapowauliza kilichomo. Hakuwa mjinga, na sitamtetea kwa kusema hakujua, kwa sababu mtu asiyejua kitu hawezi kuwa na majibu tayari kwa kila dalili. Alijua kabisa kwamba wateja wangelalamika moyo kwenda mbio na miguu kukosa nguvu, na jibu la sumu zinatoka alikuwa amelirekodi kabla hata hatujaanza kulalamika.

Kilichomo nilikuja kukijua kwa shangazi yangu wa Pangani, aliyekuja kunijulia hali baada ya kuruhusiwa. Alichukua pakiti moja iliyobaki, akaichana, akamimina unga wake kwenye kisahani na kuuchambua kwa kidole. Ulikuwa na vipande vya majani ya kijani kinachoelekea njano na maganda bapa yaliyosagwa nusunusu. Akanusa mara moja tu. "Mwanangu, hii si sanamaki?" Kisha akauliza nilinunua kwa kiasi gani. Nilimtajia nusu ya bei, na bado alishika kichwa, kwa sababu sanamaki ndiyo waliyotunywesha utotoni tumbo lilipofunga, mara moja kisha basi, na kwa wauza dawa za asili hununuliwa kwa fedha ya vocha. Mimi nilikuwa nimeinywa kila usiku, mwezi baada ya mwezi, tena kwa bei ya karo.

Na hapo nilielewa kwa nini tuliagizwa kuinywa usiku. Sanamaki haifanyi kazi tumboni, husubiri ifike kwenye utumbo mpana, bakteria wa humo waiamshe, ndipo iusukume utumbo, na safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Chakula chenyewe kinakuwa kimeshanyonywa zamani katika utumbo mwembamba, wanga, sukari na mafuta yake yameshaingia kwenye damu, na kinachofukuzwa asubuhi ni maji na mabaki. Kwa maneno mengine, karibu kila kalori ya chapati zangu niliitunza salama, nikaharisha vitu nilivyovihitaji.

Tena sanamaki ni afadhali. Daktari aliniuliza pia kama nilikuwa nikikosa hamu ya kula na kukosa usingizi, na nilipotaka kujua sababu alinitajia sibutramini, dawa ya kuua njaa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Tangu wakati huo, mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeendelea kuikuta imechanganywa kwa siri katika chai, kahawa na vidonge vya kupunguza unene vinavyouzwa kwa jina la mimea asilia. Dawa hiyo hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio, na wewe umeshasema una presha. Ukinywa kitu chenye dawa hiyo ndani yake, pakiti haitakwambia, na muuzaji ndiye wa mwisho atakayekwambia.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, na kwa hilo sibishani na mtu: chochote cha kupunguza unene kisipite kooni kabla kilichomo hakijaandikwa kwenye karatasi, kimoja kimoja kwa kiasi chake, na karatasi hiyo kusomwa na mfamasia au daktari anayezijua dawa unazotumia. Picha za kabla na baada hazihesabiki kuwa karatasi, wala ushuhuda wa mke wa mchungaji. Neno asilia pia halihesabiki, kwa sababu sanamaki ni asilia na ndiyo iliyonitundikia dripu. Ukimbana muuzaji utaona anavyoteleza: ukimuuliza usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba atasema hii si dawa, ni chai, ukimkumbusha kwamba tangu mwaka 2019 vyakula viko chini ya Shirika la Viwango na kuuliza alama yao, atasema hii si chai ya kawaida, ni tiba asili, na ukimtajia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala atakwambia una maswali mengi na ndiyo maana hupungui. Wangu aliniambia hivyo hivyo, nikaona aibu, nikalipa.

Usijidanganye kwamba utainywa wiki mbili tu na kuacha mara baada ya sherehe, kwa maana mtego mkubwa uko kwenye kuacha. Mwili uliozoea kupoteza maji hubaki ukiyang'ang'ania hata baada ya chai kukoma, kwa hiyo miguu huvimba, pete hukaza kidoleni, choo hufunga na mizani hupanda kilo kadhaa ndani ya siku chache. Si mafuta, ni maji yanarudi, lakini wewe utaamini unanenepa upya na utaikimbilia tena pakiti. Mimi niliacha na kurudia zaidi ya mara moja kabla ya ile siku ya chaki, na kila niliporudia nilinunua dozi kubwa zaidi, huku muuzaji akinipa punguzo la mteja mwaminifu. Miezi michache baada ya hospitali nywele zilianza kunitoka kwa mafungu, jambo ambalo huwapata wengi waliopungua ghafla au walioumwa sana, na msusi wangu akawa anasifia jinsi kusuka kichwa changu siku hizi kusivyochukua muda.

Chakula cha usiku ulichouliza hakina muujiza wa saa. Kula saa unayotoka kazini, lakini ugali uwe kama ngumi yako na mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Kilichonisaidia mwishowe ni kuacha soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, yaani vijiko tisa hivi vya chai, na mimi nilikuwa nikinywa mbili kwa siku na kujiona nakula kidogo. Kilo ziliondoka kwa nusu kilo kwa wiki, nyingine hata robo, na wiki nyingine hakikuondoka kitu. Hakuna aliyenipigia makofi ya vikatuni, lakini nilichopunguza hakijarudi.

Gauni mrudishie fundi alipanue ubavuni, hiyo ni kazi ya jioni moja na bei yake haifiki hata robo ya dozi hiyo. Kidonge chako cha presha usikiache ili upate nafasi ya chai, maana najua na hilo litakupitia akilini kwa sababu nami lilinipitia. Mwandikie muuzaji leo, kwa maandishi na si kwa simu, umwombe orodha kamili ya vilivyomo, kiasi cha kila kimoja na namba ya usajili, na umwambie wazi kwamba unatumia dawa ya presha inayokojoza. Akikujibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni, au akikuita mpenzi bila kujibu, weka majibu yake hapa hapa tuyasome wote.