Ruzuku ya utafiti wa historia: mambo ya kupanga kabla ya kuandika andiko la kuomba fedha

Wanaoanza huandika kwanza, halafu wanatafuta vyanzo fedha zikishatoka. Geuza mpangilio huo. Jopo la wafadhili linasoma maandiko mengi kwa siku chache, na linaloangusha mengi ya historia ni mada pana isiyo na nyaraka nyuma yake.

Chukua Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, kati ya 1918 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. "Historia ya njaa Dodoma" haitapita. "Kaya za Mvumi, Dodoma, zilizonusurika Mtunya zilitegemea nini: mifugo iliyofichwa, udugu, au misheni?" ni swali linalopimika. Kisha taja utakachosoma na mahali kilipo: mafaili ya utawala wa Kiingereza katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na barua za wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la misheni la Kianglikana) zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Nenda chumba cha kusomea kabla ya kuomba, uandike namba za mafaili. Namba tano za kweli zina uzito kuliko kurasa tatu za nadharia. Mchango wa wazee nao uueleze sawasawa kwenye andiko: mwenye miaka 90 leo hakuiona Mtunya. Anachokupa ni masimulizi aliyorithi, na jopo litataka kujua utayapimaje.

Mfadhili naye ana lake. CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika, na British Institute in Eastern Africa ya Nairobi, taasisi ya utafiti ya Uingereza, ni milango inayofaa kwa mtafiti mchanga. Endangered Archives Programme ya British Library hulipia kupiga picha nyaraka zilizo hatarini, na nyaraka zenyewe hubaki nchini. Ukiiomba ikugharamie tasnifu utakataliwa hata andiko likiwa zuri. Soma tangazo la mwaka huu, maana viwango na masharti hubadilika.

Bajeti ndiyo inayoonyesha kama unaijua Dodoma. Mvua hunyesha takriban Desemba hadi Aprili: njia za vijijini huharibika na watu wako shambani. Mahojiano yapange Juni hadi Oktoba, na miezi ya mvua uitumie kwenye nyaraka. Saa moja ya rekodi huchukua saa nne hadi sita kuiandika yote, na Kigogo kinachohitaji kutafsiriwa huchukua zaidi. Kwa hiyo mahojiano 30 ya saa moja ni saa 120 hadi 180 za kazi, ambazo wengi husahau kuzilipia na hubaki na sauti zisizosomeka. Weka pia diski mbili za nje za kunakilia rekodi, ukizitunza nyumba tofauti.

Kibali kina ngazi zake: barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya au halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Tenga mwezi mzima na nauli za kufuatilia. Usiruke mtendaji wa kijiji kwa kuwa una barua ya mkoa. Yeye ndiye atakayekutambulisha kwa wazee, na bila yeye watakujibu kwa tahadhari.

Ruzuku ikiwa ya pauni au dola, andika kiwango cha ubadilishaji ulichotumia na tarehe yake. Uliza pia mapema ofisi ya fedha ya chuo inakata asilimia ngapi, na kama mfadhili anaruhusu makato hayo. Wengine hawaruhusu kabisa, na mgogoro huo ukizuka fedha zikishaingia, huchelewesha safari hadi msimu wa mvua urudi.