Re: Sevisi ya pikipiki ya Boxer, nifanye mwenyewe au nirudi kwa wakala?

Mkuu fanya mwenyewe tu, mi yangu naibadilishia oili hapahapa uani Mbagala. Iwashe dakika mbili tatu oili ipate moto iwe nyepesi, zima, fungua nati ya chini ya injini ukinga na dumu lililokatwa, ikishaisha rudisha nati na washa yake (kile kipete chake) ila usikaze kama unafunga tairi la fuso maana injini ni alumini, uzi ukifa utalia. Alafu mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Cheni icheze kama sm 2 mpaka 3, usiibane. Oili chafu usimwage mtaroni bana. Valvu ndo mwachie fundi, mi nilijifanya mjuaji nikaisukuma mpaka gereji 😂