Kenosha Kroakers si Kingfish

Watu huuliza kama Kingfish, timu ya besiboli ya Kenosha, Wisconsin, nchini Marekani, ilitokana na timu ya zamani ya mji huo, Kroakers. Hapana, hawakutokana nao. Kroakers walikuwa kati ya timu 5 zilizoanzisha ligi ya Northwoods, ligi ya besiboli ya kiangazi kwa wanafunzi wa vyuo, mwaka 1994, wakacheza hadi 1998 kisha timu ikafa. Kingfish ni timu mpya kabisa, imeanza 2014. Kinachowachanganya watu ni uwanja: wote wametumia Simmons Field, palepale ilipocheza timu nyingine ya besiboli, Kenosha Twins, kabla ya kuhamia mji wa Fort Wayne baada ya msimu wa 1992. Ila Twins walikuwa wachezaji wa kulipwa. Kroakers walikuwa wanafunzi wa vyuo waliokuja kiangazi tu, bila mshahara, wakipigia magongo ya mbao badala ya yale ya aluminiamu waliyozoea chuoni.