Re: Reale 8 ya Potosí haina umbo, ni feki?

Mkuu, hiyo sarafu yako ya zamani ya Wahispania, iliyotengenezwa Potosí (Bolivia ya leo), kukaa upande na kukosa nusu ya maandishi kusikutie shaka. Mafundi walikata kipande cha madini ya fedha, wakapunguza kingo kwa mkasi mpaka uzito utimie, kama gramu 27, kisha wakakigonga nyundo kati ya mihuri miwili. Muhimu ilikuwa uzito. Umbo shauri yake. Mimi ningeogopa zaidi iliyo duara safi! Ipime, halafu kagua ukingo: ukiona mstari wa maungio umeuzunguka, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, yaani ni feki. Kama ina picha ya nguzo mbili juu ya mawimbi, ni ya 1652 kuja huku. Walibadili sura ya sarafu baada ya kashfa ya kuchakachua madini ya fedha palepale kiwanda cha sarafu cha Potosí. Usiisugue, tafadhali.